Kompyuta Inapodai Toleo Jipya: Ukubali Sasa, Usubiri au Ukatae?

Tangu Microsoft ilipoacha kuutunza mfumo wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maswali mawili yamekuwa yakirudi katika maduka ya kompyuta ya Luthuli Avenue, katika saiba za mitaani na katika ofisi ndogo ndogo za Nairobi. La kwanza ni iwapo kompyuta yenye mfumo huo itafika siku ikatae kuwaka. La pili ni iwapo mwenye kompyuta hiyo hana budi kununua nyingine. Majibu hutegemea anayejibu: muuzaji anashauri ununue, fundi anasema atakuwekea Windows 11 jioni hiyohiyo, na rafiki ambaye bado anatumia Windows 7 anasema hayo yote ni njama za kuwauzia watu mashine. Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, lakini hakuna anayejibu swali lenyewe, ambalo ni lini hasa inafaa mtu abadilishe mfumo wa kompyuta yake.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimama kati ya mashine na kazi unayotaka kuifanya. Unapobonyeza kitufe cha kuchapisha, ndio unaoiamrisha printa. Unapohifadhi barua, ndio unaoamua ikae sehemu gani ya diski. Unapofungua kivinjari, ndio unaokipa nafasi katika kumbukumbu. Windows ni mfumo endeshi, na vivyo hivyo macOS ya kompyuta za Apple, Linux katika sura zake nyingi, na Android iliyo katika simu nyingi za Wakenya. Kwa kuwa kila programu hupitia kwake, aliyefanikiwa kuupenya mfumo endeshi huwa ameipata kompyuta nzima, pamoja na nywila, barua na vitabu vya hesabu vilivyomo.

Mkanganyiko mwingi unatokana na kuchanganya mambo matatu. La kwanza ni sasisho la usalama, yaani kipande kidogo cha programu kinachoziba ufa uliogunduliwa katika mfumo ulio nao tayari. Microsoft hutoa masasisho haya Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa ambayo Nairobi huwa ni saa mbili au saa tatu usiku kulingana na majira ya huko Marekani, na ndiyo sababu kompyuta nyingi za ofisini huomba kuzimwa na kuwashwa upya Jumatano. La pili ni toleo jipya: kuhama kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, au, ndani ya Windows 11 yenyewe, kutoka toleo la mwaka mmoja kwenda la mwaka unaofuata. Hapa sura inaweza kubadilika, mahitaji ya mashine yanaweza kupanda, na programu iliyokuwa ikifanya kazi jana inaweza kugoma. La tatu ni mwisho wa utunzaji, yaani tarehe ambayo mtengenezaji anaacha kutoa masasisho ya usalama kwa toleo fulani.

Fikiria nyumba ya kupanga katika ploti huko Umoja. Sasisho la usalama ni msimamizi wa ploti kuja kubadilisha komeo lililolegea: kazi ya dakika chache, na hakuna kitanda kinachosogezwa. Toleo jipya ni kuhama: unafunga mizigo, unatafuta pikapu mwisho wa mwezi, kisha unagundua kwamba kabati haliingii kwenye mlango mpya. Mwisho wa utunzaji ni msimamizi kuacha kazi pasipo mtu wa kuchukua nafasi yake. Asubuhi yake maji yanatoka kama kawaida na taa zinawaka, na mpangaji haoni tofauti yoyote. Ila komeo litakalolegea kuanzia siku hiyo halitabadilishwa, na wezi wa mtaa wanalijua hilo.

Kwa hiyo swali la kwanza lina jibu fupi. Kompyuta yenye Windows 10 haitazimika kwa sababu tarehe imepita. Windows XP ilifikia mwisho wa utunzaji tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na mashine zenye mifumo hiyo bado zinawaka hadi leo. Hakuna mkono unaotoka Marekani kuzizima. Tatizo ni la taratibu zaidi, na kwa sababu ni la taratibu watu hulidharau.

Linaingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kwamba Windows 10 na Windows 11 zina sehemu kubwa ya msimbo wa pamoja. Kila mwezi Microsoft inapoziba nyufa katika Windows 11, wadukuzi hulichambua sasisho hilo, wakaona ni nini hasa kilichorekebishwa, kisha wakajaribu kama ufa huohuo upo katika toleo ambalo halizibwi tena. Dawa ya mmoja inageuka kuwa ramani ya kumfikia mwingine, na ramani hizo huongezeka mwezi hadi mwezi. Njia ya pili ni programu nyingine kuuacha mfumo huo, moja baada ya nyingine. Google ilisimamisha Chrome kwa watumiaji wa Windows 7 na 8.1 mwanzoni mwa mwaka 2023, ikaishia toleo la 109. Aliyebaki huko amebaki na kivinjari cha wakati huo, huku tovuti za benki na za serikali zikijengwa kwa ajili ya vivinjari vya leo. Windows 10 haijafika hapo. Microsoft imeahidi kuendelea kutoa masasisho ya usalama kwa programu za Microsoft 365, kama Word na Excel, zilizomo ndani ya Windows 10 hadi tarehe 10 Oktoba 2028, na kingavirusi chake cha Defender kitaendelea kupata taarifa za virusi vipya hadi Oktoba ya mwaka huohuo.

Ahadi hiyo ya Defender imezaa dhana potofu ambayo husikika sana: kwamba ukiwa na kingavirusi kizuri, mwisho wa utunzaji haukuhusu. Kingavirusi kazi yake ni kutambua programu mbaya inapoingia au inapojaribu kufanya kazi. Hakizibi ufa ulio ndani ya mfumo wenyewe, na shambulio linalopitia ufa huo linaweza kupata mamlaka yanayolingana na ya kingavirusi au hata kuyapita. Ni kinga ya ziada, na ni nzuri, lakini haichukui nafasi ya masasisho.

Somo la WannaCry, na linavyosomwa visivyo

Anayetaka kumtisha mwenzake abadilishe mfumo hutaja WannaCry. Programu hii haribifu ilianza kuenea tarehe 12 Mei 2017, ikiyafunga mafaili ya watu na kudai fidia kwa sarafu ya bitcoin, na kwa muda wa siku chache ikawa imezikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za umma za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi na hata upasuaji. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Microsoft ilitoa sasisho la dharura hata kwa Windows XP, ambayo ilikuwa imeiacha miaka mitatu kabla.

Lakini tukio hili halithibitishi kile ambacho watu wengi hulitumia kuthibitisha. Ufa ambao WannaCry iliupitia ulikuwa umezibwa kwa sasisho la tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla ya shambulio. Sehemu kubwa mno ya kompyuta zilizoambukizwa ilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inatunzwa. Wenye kompyuta hizo hawakuhitaji kuhamia toleo jipya hata kidogo. Walichohitaji ni kukubali sasisho dogo la mwezi, ambalo ama walikuwa wamelizima ama walikuwa wakiliahirisha.

Hapo ndipo ulipo msingi wa uamuzi wote. Sasisho la usalama na toleo jipya havistahili kupimwa kwa mizani moja. La kwanza huwekwa mara moja, na kuliahirisha kunahitaji sababu nzito sana. La pili linaweza kuahirishwa kwa miezi, hata kwa zaidi ya mwaka, bila aibu yoyote, mradi toleo ulilo nalo bado linatunzwa. Nairobi tumezoea kufanya kinyume chake. Fundi huzima masasisho yote ili yasimalize bando, kisha mteja huyohuyo huona picha za toleo jipya na kulidai siku lilipotoka. Matokeo yake ni mtu mwenye sura mpya ya skrini na nyufa za miezi kadhaa nyuma yake.

Wanaosema kwamba masasisho huifanya kompyuta iwe nzito hawasemi uongo mtupu. Sasisho linapojiweka hutumia diski na prosesa, yaani kichipu kikuu kinachofanya kazi za kompyuta, kwa muda, na katika mashine yenye diski ya zamani ya kuzunguka uzito huo huonekana wazi, wakati mwingine kwa saa nzima. Ukiisha, mara nyingi kasi hurudi ilivyokuwa. Kinachoendelea kuipa mashine uzito kwa kawaida ni diski iliyojaa, ramu (kumbukumbu ya muda) ya gigabaiti nne inayobebeshwa vichupo ishirini vya kivinjari, au toleo jipya lililowekwa juu ya mashine isiyoliweza. Kubadilisha diski ya kuzunguka kwa ya SSD, ambayo haina kinachozunguka na ina kasi zaidi, huondoa malalamiko mengi ambayo lawama zake huangukia masasisho.

Mapema mno nako kuna gharama

Toleo jipya, hata liwe limejaribiwa vipi, hukutana na mamilioni ya mashine ambazo mtengenezaji hakuwahi kuziona. Mwanzoni mwa Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo la Windows 10 lililopewa namba 1809, na baada ya siku chache ikalazimika kulisimamisha kwa kuwa lilikuwa likifuta hati na picha za baadhi ya waliolikubali. Lilirudishwa tarehe 13 Novemba likiwa limerekebishwa. Aliyesubiri wiki sita hakupoteza kitu; baadhi ya waliokimbilia walipoteza kazi yao ya miaka.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Ubuntu, ambayo ni mojawapo ya sura za Linux zinazotumika zaidi, hutoa toleo la kudumu kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, na kulitunza kwa miaka mitano bila malipo. Hata hivyo, mwenye toleo la kudumu lililotangulia haalikwi kuhama mwezi huohuo. Mwaliko kwa kawaida huja baada ya kutoka kwa chapa ya kwanza ya masahihisho, ambayo hutolewa Julai au Agosti. Microsoft nayo hulipeleka toleo jipya kwa makundi, na ikigundua kwamba aina fulani ya mashine au programu inagongana nalo, huzuia mwaliko kwa mashine hizo hadi kasoro itatuliwe. Kwa hiyo mtu ambaye jirani yake ameletewa toleo na yeye bado, asidhani kompyuta yake imeharibika. Huenda inalindwa, na fundi anayelilazimisha liingie kwa kutumia fleshi anauruka ulinzi huo.

Kati ya kasoro za mwanzo na tarehe ya mwisho kuna nafasi pana ya kuhama kwa utulivu. Kila toleo la mwaka la Windows 11, kwa chapa za Home na Pro, hutunzwa kwa miezi 24. Kwa maoni yangu, mtu mwenye kompyuta ya kazi angoje miezi mitatu hadi sita tangu toleo litoke, na ahakikishe amehama angalau miezi sita kabla toleo alilo nalo halijaachwa. Miezi hiyo sita ya mwisho si ya kupuuzwa. Ndiyo itakayokuwezesha kuweka akiba ya mashine nyingine ikiwa uliyo nayo itakataliwa, badala ya kununua kwa haraka wiki ambayo wanunuzi wote wamekumbuka jambo hilohilo.

Kuna wanaopaswa kuchelewa zaidi kwa sababu kazi yao imefungwa kwenye programu moja. Duka la vipuri lenye programu ya hesabu iliyonunuliwa zamani, fundi wa kudarizi ambaye mashine yake huongozwa na programu isiyotengenezwa tena, kliniki yenye kifaa cha picha kilichounganishwa na kompyuta maalumu: hawa wasiguse chochote kabla aliyewauzia programu hiyo hajawathibitishia, kwa maandishi ikiwezekana, kwamba inafanya kazi katika toleo jipya. Na kuna mmoja anayeweza kuwahi bila hofu kubwa, naye ni mwenye kompyuta mpya kabisa ambayo bado haina kitu cha kupotea.

Kwa upande wa Apple mambo ni tofauti kidogo, kwani kampuni hiyo haichapishi tarehe ya mwisho kama ifanyavyo Microsoft. Desturi yake imekuwa kutoa toleo moja la macOS kila mwaka na kuendelea kuyaletea masasisho ya usalama toleo la sasa na mawili yaliyolitangulia. Wenye kompyuta za Apple zinazotumia prosesa za Intel wafahamu kwamba macOS Tahoe, iliyotoka Septemba 2025, ndilo toleo la mwisho litakalozikubali.

Mashine zetu za mtumba

Kwa Nairobi, swali la lini huishia katika swali la mashine ipi. Sehemu kubwa ya laptopu zinazouzwa katikati ya jiji ni zile ziitwazo ex-UK, zilizotumika katika ofisi za ng'ambo kisha zikauzwa kwa jumla. HP EliteBook 840 G3, Lenovo T460 na ndugu zao ni mashine imara, kibodi zao nzuri kuliko za kompyuta nyingi mpya za bei ya chini. Lakini Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ina masharti: ramu ya gigabaiti 4 au zaidi, diski ya gigabaiti 64 au zaidi, kichipu cha usalama cha TPM 2.0, na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Sharti la prosesa ndilo linaloangusha wengi, kwani kwa Intel orodha hiyo, ukiacha nafasi chache za pekee, huanzia kizazi cha nane.

Kizazi si kile kinachotajwa mara nyingi dukani. Muuzaji husema "hii ni i7" kana kwamba hilo linamaliza mjadala, ilhali i7 na i5 ni madaraja ndani ya kizazi kimoja. Angalia namba inayofuata kistari. Katika i7-6600U, tarakimu 6 inakwambia kwamba ni kizazi cha sita, na hiyo haikubaliwi. I3-8130U, ambayo ni daraja la chini zaidi, ni kizazi cha nane na inakubaliwa. Katika i5-10210U na i5-1135G7 husomwa tarakimu mbili za mwanzo, yaani kizazi cha kumi na cha kumi na moja. Kwa mifano ya majina yanayotajwa zaidi madukani, 840 G3 ni kizazi cha sita, G4 ni cha saba, na G5 ndiyo inayoanza kubeba kizazi cha nane. Lenovo T480 nayo mara nyingi huja na cha nane. Mnunuzi aliyejua hili kabla ya kuingia dukani amejiokolea fedha nyingi kuliko yule aliyepunguziwa bei kwa shilingi elfu mbili.

Microsoft ina programu ya bure iitwayo PC Health Check inayopima yote hayo na kutoa jibu. Ikisema kwamba TPM haipo, usikate tamaa mara moja. Katika mashine nyingi kichipu hicho kipo ila kimezimwa katika BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofanya kazi kabla Windows haijawaka, na fundi mwaminifu hukiwasha bila kubadilisha kifaa chochote.

Vipi kuhusu fundi anayeweka Windows 11 kwenye G3? Inawezekana, na mashine itawaka, na huenda itafanya kazi vizuri kwa muda mrefu. Kinachofichwa ni kwamba Microsoft imesema wazi kuwa mashine zisizotimiza masharti hazina hakikisho la kupata masasisho, na matoleo ya kila mwaka hayaletwi kwao yenyewe. Kila mwaka itabidi fundi aitwe tena kuyalazimisha, au toleo lililopo lifikie mwisho wake wa utunzaji bila mwenyewe kujua. Tangu toleo la 24H2 la Oktoba 2024, prosesa za zamani kabisa kama za enzi ya Core 2 Duo hukataliwa moja kwa moja, kwa kuwa hazina maagizo ambayo mfumo unayahitaji ili uwake. Kwa kompyuta ya mwanafunzi ya kuandikia insha, ujanja huu unavumilika. Kwa kompyuta ya ofisi yenye data za wateja, mimi nisingeukubali. Nisingekubali pia Windows iliyofunguliwa kwa programu ya kuvunja leseni, ambayo mara nyingi huwekwa pamoja na masasisho yaliyozimwa, na hakuna anayejua programu hiyo ya kuvunja imebeba nini kingine ndani yake.

Mwenye mashine isiyotimiza masharti ana njia kadhaa za haki. Microsoft ilifungua mpango wa kuongeza masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa watumiaji wa kawaida, kwa dola 30, ambazo kwa kiwango cha mwaka 2025 zilikuwa chini kidogo ya shilingi 4,000, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake katika akaunti ya Microsoft. Kompyuta za mashirika zina utaratibu wake, unaoanzia dola 61 kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza na kuongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu. Bei hiyo imepangwa makusudi ili mtu asikae. Ni muda wa kujipanga, na atakayeuchukua kama suluhisho la kudumu atajikuta mwaka unaofuata mahali palepale.

Njia nyingine ni Linux, hasa Mint au Ubuntu, ambayo huifanya G3 iwe kompyuta nyepesi na inayotunzwa bila kulipa leseni. Anayefanya kazi zake zote ndani ya kivinjari, kuanzia eCitizen hadi barua pepe na madarasa ya mtandaoni, atazoea kwa siku chache. Anayetegemea programu ya uhasibu ya QuickBooks iliyowekwa kwenye kompyuta yenyewe, au anayejaza ritani za KRA kwa karatasi za Excel zenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya karatasi), atapata taabu, na ni heri aambiwe kabla kuliko baada ya diski kufutwa. Kuna pia njia ya kuiacha mashine ya zamani na mfumo wake lakini kuikata mtandaoni kabisa, ikabaki kuendesha kifaa kimoja tu. Hii inafaa kwa ile mashine ya kudarizi, ikiwa tu hakuna atakayeichomeka fleshi iliyotoka saiba.

Ofisi inayohifadhi taarifa za watu ina jambo la ziada la kuzingatia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshikilia taarifa binafsi achukue hatua zinazofaa, za kiufundi na za kiutawala, kuzilinda. Shule, sacco au kliniki ambayo rekodi zake zimeibwa kupitia mfumo ulioachwa na mtengenezaji wake itakuwa na kazi ngumu ya kueleza ni hatua gani ilizochukua.

Wiki ya kuhama

Ukishaamua mwezi, chagua wiki. Ofisi ya uhasibu isihame mwezi wa Juni, ambapo ritani za kodi ya mapato za watu binafsi hufungwa tarehe 30, wala katika siku zinazokaribia tarehe 9 na tarehe 20 za mwezi wowote, ambazo ni za PAYE na VAT. Ikiwa ofisi ina kompyuta kumi, anza na moja, na isiwe ya mhasibu. Itumie kwa wiki mbili kwa kazi halisi, pamoja na kuchapisha na kuskani, kabla ya kuzigusa zile tisa.

Toleo jipya ni gigabaiti kadhaa za kupakua, kwa hiyo anayetumia bando la simu atafute mahali penye waifai isiyohesabiwa. Stima ikikatika katikati ya kazi, laptopu yenye betri nzima itastahimili, lakini kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, inaweza kubaki na mfumo nusu, ambao hauwaki wala haurudi nyuma. Nakala ya mafaili yote iwekwe kwenye diski ya nje, na baadhi ya mafaili hayo yafunguliwe katika kompyuta nyingine ili kuthibitisha kwamba nakala imeingia sawasawa. Nakala ambayo haijafunguliwa haina uhakika. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, ambayo ni kufuli ya Windows ya kuficha yaliyomo kwenye diski, namba ndefu ya kuifungulia iandikwe kwenye karatasi kabla ya kuanza, kwani mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya kompyuta iidai, na asiyekuwa nayo hawezi kuyafikia mafaili yake mwenyewe.

Baada ya kuhama, Windows hulihifadhi toleo la zamani kwa siku 10, na katika siku hizo mtu anaweza kurudi alikotoka kupitia mipangilio bila kupoteza hati zake. Siku hizo zitumike kufanya kila kazi ambayo ofisi hufanya kwa mwezi mzima: kutoa ankara, kufungua vitabu vya mwaka uliopita, kuunganisha projekta, kuingia benki. Ikifika siku ya nane na printa bado inagoma, au programu ya mishahara haifunguki, rudi nyuma na umtafute aliyekuuzia. Siku 10 zikishapita folda ya toleo la zamani hufutwa, na njia pekee ya kurudi inayobaki ni kuifomati kompyuta na kuanza upya kwa ile nakala iliyo kwenye diski ya nje.